Kuchora grafu za presha ya maji kwa EPANET: mwongozo kamili kwa mtandao wa mlimani Kisumu

Mtandao wa mabomba wenye nodi 40 (nodi ni mahali mabomba yanapokutana au maji yanapochotwa), ukiuigiza kwa saa 72 na kuripoti kila dakika 15, unakupa namba 11,560 za presha peke yake. Hapo hujagusa mtiririko, kasi ya maji wala kina cha tangi. Namba hizo hakuna atakayezisoma. Mhandisi wa kaunti hatazisoma, na kamati ya maji inayokutana chini ya mwembe haitaziona kabisa. Watakachokiona ni grafu mbili tatu utakazoweka kwenye ripoti, na kwa grafu hizo wataamua bomba la ukubwa gani linunuliwe na ni nyumba zipi zitapata maji asubuhi. Ndiyo maana nasema kuchora matokeo ni sehemu ya uhandisi wenyewe, wala si pambo la mwisho.

Programu tutakayotumia ni EPANET, ya kuigiza mtiririko na presha ya maji kwenye mabomba. Imetengenezwa na shirika la mazingira la serikali ya Marekani, EPA, ikatolewa mara ya kwanza mwaka 1993, na toleo la 2.2 likatoka 2020. Ni ya bure, haihitaji leseni, na inaendeshwa hata na kompyuta kuukuu ya Windows. Majina ya menyu nimeyaacha jinsi yalivyo kwenye skrini ili usipotee.

Mtandao wa mfano

Kisumu inafaa sana kwa somo hili kwa sababu ya umbo la ardhi. Ziwa Victoria liko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukitoka mjini kuelekea kaskazini ardhi inapanda ghafla kwenye vilima vya Riat na Kajulu. Anayeishi bondeni na anayeishi mlimani wanaweza kuchota kwenye bomba moja, lakini maisha yao kwenye mfereji hayafanani hata kidogo. Hali ni hiyohiyo kwa miradi ya maji ya mserereko inayoshuka kutoka Mlima Elgon kuingia Bungoma, na kwa vilima vya Maragoli kule Vihiga.

Mtandao wetu ni wa kubuni, si wa kampuni yoyote ya maji, lakini vipimo vyake ni vya kawaida kwa eneo hilo. Sakafu ya tangi iko mita 1,214. Tangi ni la duara, kipenyo chake mita 6, na maji hayapiti kina cha mita 4. Bomba kuu la milimita 100 linatoka hapo na kwenda mita 2,000 hadi nodi N4, iliyo juu ya kilima kidogo chenye mwinuko wa mita 1,195. Kabla ya kufika N4 bomba linashuka kwenye kibonde cha mita 1,180. Matawi yote yanaanzia N4 kwenda chini, na nodi ya mwisho, N7, iko mita 1,150. Matumizi ya wastani ni lita 3 kwa sekunde, na chanzo kinaingiza kiasi hichohicho tangini mchana na usiku.

Watu hawachoti maji kwa wastani, kwa hiyo tumeweka vizidishi vya kila saa: 0.2 kuanzia saa 6 usiku hadi saa 11 alfajiri, 1.2 kwa saa inayofuata, 2.0 kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, 1.6 hadi saa 3, 0.9 hadi saa 10 alasiri, 1.4 hadi saa 11, 1.8 hadi saa 1 jioni, 1.6 hadi saa 2 usiku, 1.2 hadi saa 4, kisha 0.45 hadi saa 6 usiku. Ukivijumlisha unapata 24, yaani wastani ni 1. Fanya jumla hiyo kila mara. Ikitoka 26, modeli yako inawanywesha watu maji ambayo hukuyakusudia, na grafu zote zitakazofuata zitabeba kosa hilo bila kulionyesha.

Kabla ya grafu yoyote: vipimo na muda

Fungua Project, kisha Defaults, kisha ukurasa wa Hydraulics. Chagua LPS (lita kwa sekunde) kama kizio cha mtiririko kabla hujachora bomba la kwanza. Ukiacha GPM (galoni kwa dakika), programu itafanya kazi kwa vipimo vya Kimarekani, na presha itakuja kwa pauni kwa inchi ya mraba. Ukiwa na LPS, presha inatoka kwa mita za maji, yaani kimo cha safu ya maji ambayo presha hiyo ingeibeba, kipenyo kwa milimita, na urefu kwa mita. Fomula ya upotevu wa presha unaotokana na msuguano bombani iache Hazen-Williams, na kwa bomba jipya la plastiki weka kigezo cha ulaini cha 140.

Kipenyo unachoingiza ni cha ndani. Hili linasahaulika mno. Bomba la HDPE, aina ya plastiki, linaloitwa la 110 limepimwa kwa nje. Likiwa la SDR 17 (kipenyo cha nje ni karibu mara 17 ya unene wa ukuta), ukuta wake ni milimita 6.6, kwa hiyo ndani linabaki 96.8. Tofauti hiyo na 100 inaonekana ndogo, lakini upotevu hutegemea kipenyo kwa kipeo cha 4.87, kwa hiyo unaongezeka kwa asilimia 17 hivi. Katika mfano huu nimetumia 100 kamili ili hesabu iwe rahisi kufuata.

Sasa nenda kwenye Options, kisha Times. Hapa ndipo grafu nyingi zinapoharibikia kabla hazijachorwa. Total Duration huja ikiwa 0, na ukiiacha hivyo programu inapiga hesabu ya dakika moja tu: ile ya mwanzo, saa 6 usiku, ambapo kizidishi chetu ni 0.2. Tangi likianza na kina cha mita 2.3, N4 itaonyesha presha ya mita 21 na ushei. Ramani nzima itapendeza. Nayo itakuwa ramani ya saa ambayo watu wote wamelala.

Weka Total Duration 72, Hydraulic Time Step 0:15 na Reporting Time Step 0:15. Pattern Time Step iache 1:00 kwa sababu vizidishi vyetu ni vya kila saa. Endesha modeli kwa kubofya alama ya radi.

Angalia pia saa zinavyosomwa. EPANET huhesabu saa zilizopita tangu mwanzo, na mwanzo wake ni saa 6 usiku. Saa 7 kwenye mhimili ni saa 1 asubuhi kwetu, na saa 18 ni saa 12 jioni. Kwa mhandisi mwenzako si kitu. Kwa wanakamati wa mradi, grafu inayoonyesha maji yakipungua "saa 7" itaeleweka kuwa ni mchana, na mjadala mzima utapotea njia. Grafu ikienda kwa wananchi, andika saa za Kiswahili mwenyewe.

Andika swali, ndipo uchore

Kabla ya kubofya Graph, chukua karatasi uandike swali kwa sentensi moja. Kwa mradi wetu maswali ni matatu. Je, mama anayeishi kwenye kilima cha N4 anapata angalau mita 10 za presha asubuhi? Je, bomba la N7 litastahimili presha ya usiku? Je, tangi litaendelea kujaa siku baada ya siku, au linakauka polepole? Kila swali lina aina yake ya grafu. Ukianza na aina ya grafu bila swali, utatoa picha kumi nzuri zisizojibu lolote.

Grafu ya muda

Hii ndiyo utakayoitumia kuliko zote, kwa hiyo tuikalie.

Bofya Report, kisha Graph. Katika dirisha linalofunguka chagua Time Series, upande wa kitu chagua Nodes, na parameta iwe Pressure. Bofya nodi N4 kwenye ramani, kisha Add. Ongeza na N7. Usiweke zaidi ya mistari minne au mitano. Ukiweka 40 utapata msitu usiopenyeka. Chagua nodi kwa sababu maalum: ya juu kuliko zote, ya mbali kuliko zote, ya chini kuliko zote, na ile yenye malalamiko mengi.

Sasa soma mstari wa N4 taratibu. Saa 12 asubuhi presha ni mita 9.9. Saa 1 ni 9.5. Saa 1 na dakika 45 ni 9.2. Ikigonga saa 2 inaruka hadi 13.5, kwa sababu kizidishi kimeshuka kutoka 2.0 hadi 1.6. Jibu la swali la kwanza tumelipata: kwa muda wa saa mbili kila asubuhi, kilima kiko chini ya mita 10.

Rudi sasa kwenye Times uweke hatua ya kuripoti iwe saa nzima, uchore tena. Utaona nukta ya 9.5 saa 1, nukta ya 13.5 saa 2, na mstari ulionyooka ukiziunganisha. Anayeusoma atadhani presha inaanza kupanda saa 1. Kwa kweli dakika zile ndizo inazoendelea kushuka. Nukta ndizo matokeo. Mstari kati ya nukta umechorwa na programu, si na maji. Hatua ya dakika 15 inakaribia ukweli zaidi, na gharama yake ni sekunde chache za kompyuta.

Kwa nini asubuhi inashuka hivyo? Katika fomula ya Hazen-Williams upotevu hupanda kwa mtiririko uliopewa kipeo cha 1.852. Mtiririko ukiongezeka maradufu, upotevu unaongezeka mara 3.6. Kwenye bomba letu, lita 3 kwa sekunde hupoteza mita 1.78 kwa kila kilomita, na lita 6 hupoteza mita 6.44. Kwa hiyo aliyesanifu kwa wastani akaongeza "kidogo" kwa ajili ya asubuhi hajaongeza kitu. Kwa wastani N4 ingekuwa na mita 18 hivi. Namba hiyo ni nzuri ya kuandika kwenye ripoti, ila haimsaidii mtu aliyeshika mtungi wa lita 20 saa 1 asubuhi.

Sasa mstari wa N7. Usiku unapanda hadi karibu mita 67. Bomba la daraja la PN 6 limekusudiwa kwa bari 6, yaani mita 61. Kwa hiyo mabomba ya bondeni yanaumia wakati kila mtu amelala, na kupasuka kwake mara nyingi hugunduliwa alfajiri. Hiki ni kitu ambacho ramani ya mchana haitakuonyesha kamwe. Mlimani, presha ya chini kabisa inakuja wakati wa matumizi makubwa. Bondeni, presha ya juu kabisa inakuja wakati wa matumizi madogo. Grafu moja yenye nodi hizo mbili inaeleza mtandao wote.

Bofya kulia juu ya grafu ufungue Graph Options. Andika kichwa chenye jibu, si jina la parameta. "Presha N4 chini ya mita 10, saa 12 hadi saa 2 asubuhi" kinamsaidia msomaji. "Pressure for Selected Nodes" hakimsaidii. Weka vizio kwenye mhimili wa wima. Mhimili huo uanzie 0, maana ukiuanzisha kwenye 9, tofauti ya nusu mita itaonekana kama poromoko. Kwenye ukurasa wa Series, badilisha aina ya mstari na alama za nukta, si rangi pekee. Ripoti nyingi huishia kunakiliwa kwa mashine ya nyeusi na nyeupe, na nyekundu na kijani zikipita hapo zinakuwa kijivu kimoja. Wapo pia watu wasiotofautisha rangi hizo mbili hata kwenye skrini.

Tangi kwa siku tatu

Chora tena Time Series, safari hii kwa tangi pekee. Kwenye tangi, Pressure ni kina cha maji.

Ukiwa na lita 3 kwa sekunde zinazoingia, utaona wimbi linalojirudia: kina cha juu karibu mita 3.8 saa 11 alfajiri, cha chini karibu mita 1.9 saa 4 usiku, na kila siku linarudi palepale. Hilo ni tangi lenye afya.

Sasa punguza kinachoingia kiwe lita 2.8. Ni upungufu wa lita 17,280 kwa siku, ambao kwa tangi hili ni sentimita 61. Grafu ya saa 24 itaonyesha kina cha chini cha mita 1.3, na yeyote atasema maji yapo. Grafu ya saa 72 itaonyesha vilele vikishuka ngazi kwa ngazi, na siku ya tatu saa 4 usiku zinabaki sentimita 10 tu. Siku ya nne tangi ni kavu. Hii ndiyo sababu nilikuambia uweke 72 tangu mwanzo: katika siku moja, upungufu mdogo unajificha ndani ya panda shuka ya kawaida.

Mwinuko na mstari wa maji

Grafu ya muda inasema lini. Ili kusema wapi, na kwa nini, unahitaji wasifu wa njia ya bomba: ardhi chini, na juu yake mstari unaoonyesha maji yangepanda hadi wapi kama ungetoboa bomba na kusimamisha mrija. Pengo kati ya mistari hiyo miwili ndiyo presha. Mtu ambaye hajasoma uhandisi huielewa picha hii kwa haraka, hasa akiona kilima anachokijua.

EPANET ina Profile Plot. Chagua aina hiyo, chagua saa 7:45, ongeza nodi kwa mfuatano kutoka tangini hadi N7, na parameta iwe Head, yaani mwinuko wa mstari huo wa maji. Tatizo ni kwamba inachora parameta moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ardhi na maji havikai pamoja. Usikubali hapo. Grafu ikiwa mbele, nenda Edit, kisha Copy To, uchague Data ili upate namba zake kama maandishi. Zibandike kwenye LibreOffice Calc au jedwali lingine lolote. Rudia kwa Elevation. Rudia tena kwa Head ya saa 4:45, yaani saa 10 na dakika 45 alfajiri.

Panga safu nne: umbali, ardhi, maji asubuhi, maji usiku. Kwenye Calc chagua chati ya XY yenye mistari. Usichague ile inayoitwa Line, kwa sababu inaweka nodi zote kwa nafasi sawa hata kama kati ya mbili kuna mita 80 na kati ya mbili nyingine kuna mita 600. Mteremko utakaouona utakuwa wa uongo, na mteremko ndio ulichochora ili kuuona.

Angalia kilichotokea. Usiku mstari wa maji umelala karibu sawa kabisa, na ardhi inauacha mbali sana kule N7. Asubuhi unashuka kutoka mita 1,217 tangini hadi 1,204 pale N4, ambapo ardhi ni 1,195. Pengo ni mita 9. Kibonde kilicho kabla yake kina pengo la karibu mita 28, kwa hiyo anayeishi kibondeni hana shida yoyote japo yuko kwenye bomba lilelile. Hapa unaweza kumwonyesha mtu kwa kidole kwamba jirani yake wa bondeni haibi maji. Ardhi ndiyo imeinuka ikaukaribia mstari.

Ramani na rangi

Ramani ya rangi hupendwa kwa sababu inajaza ukurasa. Itumie, lakini iwekee masharti. Kwenye Map Browser chagua Pressure kwa nodi. Bofya kulia kwenye ufunguo wa rangi, nawe utapata nafasi nne za mipaka. Usikubali vitufe vya kugawanya kwa usawa. Weka mipaka yenye maana: 0, 10, 25 na 61. Rangi ya kwanza ni hatari ya kunyonya uchafu, ya pili ni presha haba, na ya mwisho ni kupita uwezo wa bomba. Ukishaweka, usiibadilishe kati ya ramani ya asubuhi na ya usiku, la sivyo rangi moja itakuwa na maana mbili kwenye ripoti moja.

Kwa orodha ya haraka, fungua View kisha Query, uulize nodi zenye Pressure chini ya 10. Zitawaka nyekundu, na kwa vitufe vya kuchezesha muda utaona zikiongezeka na kupungua saa hadi saa.

Contour Plot naishauri kwa tahadhari kubwa. Inapaka rangi eneo lote kati ya nodi kwa kukisia, hata pale ambapo hakuna bomba, na haijui kama kati ya nodi mbili kuna kilima. Kwenye tambarare za Kano inaweza kukubalika. Kwenye miteremko ya Riat inapaka ardhi presha ambayo haipo.

Frequency Plot inakuambia sehemu gani ya nodi ziko chini ya kiwango fulani kwa saa uliyochagua. Inafaa kwa sentensi moja ya ripoti, ila kumbuka nodi si watu. Nodi moja inaweza kubeba nyumba 5 na nyingine plotti nzima ya mtaa wa Manyatta. System Flow inalinganisha maji yanayozalishwa na yanayotumika, na pengo kati yake ni tangi likijaa au likipungua.

Presha hasi

Siku moja modeli itakuonyesha N4 ikiwa na presha ya mita 16 chini ya sifuri. Jaribu mwenyewe: badilisha bomba kuu liwe la milimita 80. Upotevu kwa lita 6 unaruka hadi mita 38, ilhali tofauti ya kimo iliyopo ni mita 22 tu. Programu itakupa onyo, kisha itachora grafu kama kawaida.

Grafu hiyo usiipeleke kwa mtu yeyote. Kwenye mwinuko wa Kisumu uzito wa hewa unalingana na safu ya maji ya karibu mita 9, na kule Nakuru, kwenye mita 1,850 hivi, ni karibu 8. Ndani ya bomba presha haiwezi kushuka chini ya sifuri kupita kiasi hicho. Namba ya 16 imetokea kwa sababu hesabu ya kawaida inachukulia kwamba watu watapata maji yao yote liwe liwalo, kisha inatafuta presha inayolazimisha jambo hilo. Maana yake ya kweli ni kwamba maji hayatafika kwa kiasi hicho.

Toleo la 2.2 lina njia bora zaidi. Kwenye Options za Hydraulics badilisha Demand Model kutoka DDA (matumizi hayabadiliki, presha iweje) kuwa PDA (matumizi yanafuata presha), kisha weka presha inayohitajika ili mfereji utoe kiasi kamili, tuseme mita 10. Sasa maji yanayotoka yanapungua presha inaposhuka. Na grafu nayo ibadilike: badala ya Pressure chora kiasi cha maji kinachotoka hasa N4, na kando yake kiasi kilichohitajika. Nafasi kati ya mistari miwili ni maji ambayo watu wa kilimani wameyakosa. Kwa maoni yangu hii ndiyo grafu yenye haki zaidi kwa mtandao wenye uhaba, maana inapima kwa lita, na lita kila mtu anazijua.

Nukta za geji

Grafu ya modeli peke yake ni dai. Funga geji ya presha kwenye mfereji karibu na N4 na uisome kila nusu saa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 asubuhi. Ikisoma bari, zidisha kwa 10.2 upate mita. Kumbuka pia kimo cha geji yenyewe: ikiwa iko mita moja juu ya bomba, ongeza mita hiyo.

Andika faili la maandishi lenye safu tatu: jina la nodi, saa, na kipimo. Liunganishe kupitia Project, kisha Calibration Data, kwenye mstari wa Pressure. Ukichora tena grafu ya muda ya N4, vipimo vyako vitatokea kama nukta juu ya mstari. Usizifiche zisipokubaliana. Nukta zikiwa chini ya mstari asubuhi peke yake, upotevu umekadiriwa kidogo: bomba lina kutu, kuna vali iliyofungwa nusu, au matumizi ni makubwa kuliko ulivyodhani. Zikiwa chini kwa kiasi kilekile usiku na mchana, shuku mwinuko. Mwinuko uliosomwa kwa simu unaweza kukosea kwa mita kadhaa, na kwenye nodi yenye pengo la mita 9 hiyo ni habari nzito. Mlete mpima ardhi.

Kulinganisha suluhisho

Tuseme fedha zinatosha kubadilisha kilomita ya kwanza tu iwe bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 125. Upotevu kwenye kilomita hiyo unashuka kutoka mita 6.44 hadi 2.17, na N4 asubuhi inapanda kutoka 9.2 hadi karibu 13.5. EPANET haiweki matokeo ya modeli mbili kwenye grafu moja, kwa hiyo hifadhi faili kwa jina jipya, endesha, nakili data, na uipeleke kwenye jedwali lilelile la Calc. Mistari miwili, mhimili mmoja, na mstari mwembamba wa mlalo kwenye mita 10.

Usisahau kuchora N7 kwa suluhisho hilohilo. Bomba pana halipunguzi presha ya usiku bondeni. Hapo unahitaji vali ya kupunguza presha au tangi la kuvunja presha njiani, na ukiiweka chini ya N4 haitaunyang'anya mlima mita zake. Chora nodi zote mbili, kabla na baada, ili aliye bondeni na aliye kilimani waone kilichofanywa kwa kila mmoja wao.

Chini ya kila grafu andika mstari mmoja: jina la faili la modeli, tarehe iliyoendeshwa, kipenyo na kigezo cha bomba kuu, DDA au PDA, na hatua ya kuripoti. Hifadhi modeli kwa Export kama faili la .inp, ambalo ni maandishi matupu na linafunguka popote, kisha liweke kwenye folda moja na grafu zake.